Kipimo cha Moshi na Macho ya Mama Masanja

Tangu nirudi Morogoro kila mmoja wenu ananivuta pembeni aniulize kwa zamu yake, nami kila mara nasimulia nusu, kisha maneno yananiishia. Nimeona bora niandike mara moja, kituo kwa kituo, nanyi mpokezane hizi karatasi. Habari za vibali na tiketi nitaziruka. Jina la kijiji pia naliacha, kwa sababu mtakazozijua wenyewe mkifika mwisho.

Shinyanga mjini hadi kijijini

Tulikuwa watatu: Daktari Rehema wa macho, Bwana Mhando wa misitu, na mimi fundi wa vipimo. Kazi yetu ilikuwa moja. Huko Usukumani vikongwe wenye macho mekundu hudhaniwa kuwa wachawi, na wengine wameuawa kwa dhana hiyo tu. Sisi tulitaka kuonyesha kwamba wekundu ule unatoka jikoni. Miti imekwisha, kuni hakuna, wanawake wanapikia samadi kavu na mabua ya pamba, na moshi wake unachoma kama pilipili. Mhando angehesabu miti, Daktari angetazama macho, mimi ningepima moshi.

Sanduku langu mnalijua. Taa upande mmoja, kioo cha kudaka mwanga upande wa pili, na katikati nafasi ya moshi kupita. Moshi ukizidi, mwanga unapungua na mshale unashuka. Hakuna kingine ndani yake.

Tulipokelewa vizuri. Tulipewa michembe ya viazi vitamu na karanga, maziwa mgando, na vigoda vya kukalia. Nyumba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Masanja, mjane mzee aliyeishi peke yake. Mwanawe wa pekee, Masanja, alikuwa amekwenda machimbo ya dhahabu Geita. Jirani yake, Mama Lugembe, alikuwa rafiki yake tangu usichana. Kila alfajiri mmoja alikwenda kwa mwenzake na kigae kuchukua kaa la moto, na wakikutana mlangoni walichekana nani amechelewa kuamka.

Nyuma ya nyumba ya Mama Masanja kulikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungiwa ili nyasi na miti viote tena. Mhando aliizunguka, akarudi na uso wa mtu aliyetoka harusini. Hakuwa ameona miti kama ile mahali pengine popote wilayani. Lakini jikoni kwa mama huyo huyo mshale wangu ulishuka mpaka ukagonga mwisho.

"Mama," nilimwuliza, "una miti yote hii, mbona unapikia mavi ya ng'ombe?"

"Miti ni ya Masanja. Baba yake aliizungushia mpaka, akasema mtoto akitaka kujenga asiombe nguzo kwa mtu. Mimi nikiikata nisonge ugali, akirudi nimwambie nini? Kwamba nimeila nyumba yake?" Akajifuta macho kwa pindo la khanga, akalitazama sanduku. "Na hili nalo likishashiba moshi linakwenda kuutapika wapi?"

Kazi ilipokwisha tukaita mkutano ili wenye kijiji wawe wa kwanza kusikia matokeo. Tulikuwa tumekubaliana tangu Morogoro kwamba jina la mtu halitatajwa. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yetu na tulijivunia kuishika. Daktari alisimama, mwenyekiti wa kijiji akawa anageuza maneno kwa Kisukuma.

"Nyumba yenye moshi mzito kuliko zote mlango wake unatazama machweo," alisema Daktari. "Mwenyewe ni mama mzee. Macho yake ni mekundu kuliko yote tuliyoyaona hapa. Na nyumba hiyo hiyo ndiyo yenye ngitili iliyostawi kuliko zote."

Kisha akaeleza habari ya moshi, kwa makini na kwa mifano. Tulingoja maswali. Hakuna aliyeuliza. Watu waliinuka wakajikung'uta vumbi, wakaenda zao bila kuagana nasi.

Mwenyekiti alituita uani kwake. Alikuwa mtu mpole, na siku ile sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mmefanya nini, wataalamu? Masika haya tumezika watoto wawili. Hapa mtu akifiwa haendi kwa mfumu wa jirani. Anakwenda mbali, kwa mganga asiyemjua. Mfumu anachinja kuku, anatazama ndani. Na mfumu hataji jina, kamwe. Anasema: mama mzee, macho mekundu, mlango machweo. Jina unalitia mwenyewe ukiwa njiani kurudi. Sasa nyinyi mmetoka mbali, hamtujui, mmetazama ndani ya sanduku lenu. Na jina hamkutaja."

"Lakini tumesema ni moshi!" Daktari alipaza sauti.

"Mmesema. Hata mfumu husema mengi."

Alfajiri iliyofuata Mama Masanja alikwenda na kigae chake kwa jirani. Mama Lugembe hakufungua mlango. Nilimwona yule bibi amesimama pale na kigae kitupu, akikohoa ili asikike, kisha akarudi. Hakutuuliza kitu. Alikuwa ameelewa mapema kuliko sisi.

Tulimwita askari, akaja, akauliza kama kuna mtu aliyetoa kitisho. Hakuna aliyetoa. Akaondoka. Tulimsihi Mama Masanja twende naye mjini, akakataa katakata. "Nikikimbia nimekubali," alisema. Mwenyekiti ndiye aliyetoa shauri la mwisho: "Mleteni mwanawe. Nyumba yenye mwanamume hupigwa hodi kwanza."

Ikawa hivyo. Daktari alihamishia kitanda chake cha safari nyumbani kwa mama. Mhando alibaki karibu naye. Mimi nikatumwa kumtafuta Masanja, na Daktari akanitwika sanduku. "Ondoka nalo," alisema. "Lisionekane tena hapa."

Njia panda ya Tinde

Pale Tinde malori yalipita yamejaa, hayasimami. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, alinisogezea kigoda.

"Unatoka huko ndani, dada? Nasikia kuna Wazungu wameleta mashine ya kupima macho."

"Si Wazungu, mama. Ni Watanzania kama wewe."

"Basi hiyo ndiyo kali. Mzungu tungemdanganya." Akacheka, akaniongezea kiazi. Mimi nilikuwa nimelikalia sanduku lenyewe, nimelifunika kwa khanga. Kiazi nilikitia mfukoni.

Lori la pamba lilinichukua jua likiwa limeshapinda. Kabla ya kufika Isaka tulikuta mto umejaa na daraja halionekani. Tulilala pale pale, abiria, pamba na kuku, tukingoja maji yashuke. Dereva aliimba, watu wakapika, na kila mtu alionekana kuwa na muda wote duniani. Mimi nilikuwa nikienda ukingoni kila mara kutazama kama maji yameshuka.

Kahama, mtaa wa Nyasubi

Lori liliishia Nyasubi. La kwenda Geita, niliambiwa, litapatikana leo, au kesho, au likijaa. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni, nikaingia duka moja kuomba dawa. Mwenye duka alikuwa Mzee Hirji, ambaye babu yake alifungua duka hilo. Alikuwa akimkaripia mteja kwa Kisukuma safi kilichowachekesha watu wote barazani.

"Dawa ya macho imekwisha, mama," aliniambia. "Mji mzima. Serikali ina mashine inayopita kila kijiji kutazama macho, hujasikia? Kila mwenye mama mzee amekuja kununua. Jana bwana mmoja amechukua ya mama yake, ya mkewe na ya mbuzi."

"Ya mbuzi?"

"Nami nilimwuliza. Akasema hataki kuacha nafasi."

Barazani walicheka tena. Mimi nikaanza kulia, na sikuweza kujizuia. Mzee Hirji aliwatoa watu, akaniletea chai ya tangawizi na chapati mbili, akangoja. Nikamweleza yote, na sanduku nikamwonyesha. Alilitazama bila kuligusa. Kisha akavuta kipande cha kitambaa cheusi kwenye jora, akalifunika sanduku vizuri kwa mikono yake kama mtu anayevisha maiti.

"Usimwambie mtu mwingine hapa Kahama," alisema. "Mama, mimi nimezaliwa hapa. Neno likishatoka Shinyanga haliwezi kurudishwa. Linapanda malori kama wewe, ila lenyewe halikwami mtoni."

Alinitafutia nafasi kwenye lori la mabati la mtu wake. Aliniagiza niile chapati ya pili njiani. Sikuila.

Geita, mtaa wa Kalangalala

Njia ya Geita inapita katikati ya miombo, au iliyokuwa miombo. Mhando angelia. Kila mahali visiki, na malori yaliyotukuta yalibeba magogo marefu ya kushikilia kuta za mashimo ya dhahabu. Nilifikiri juu ya yule bibi aliyekaa na moshi ili asikate hata mti mmoja.

Kalangalala nilifikia kwa mamalishe aliyeitwa Mama Pendo, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyewajua wachimbaji kwa matumbo yao.

"Namtafuta Masanja," nilimwambia.

"Masanja yupi? Huku Masanja ni wengi kuliko mawe."

"Kijana wa Shinyanga. Anasema atarudi kujenga kwao."

"Wote wanasema watarudi kujenga kwao."

"Baba yake aliacha ngitili kubwa."

Akapiga makofi. "Masanja wa Miti! Kila gogo likishushwa shimoni yeye analisikitikia kama shangazi yake. Hayupo hapa, yuko Rwamgasa. Kaa kwanza ule."

Akaniletea ugali na dagaa. Kwenye benchi walikuwepo vijana watatu wakizungumza huku wakila. Mmoja alisema huko Shinyanga mashine imeshakamata wachawi wa kijiji kizima, na wamefungiwa ghalani wanangoja kuhukumiwa. Mwingine akasema yeye amesikia mashine inatoa mlio ikimwona mchawi. Nilisukuma sahani. Mama Pendo alidhani nadharau dagaa. Akaondoa, akarudi na samaki mzima, sato wa kukaanga, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Sasa huyu naye ana kosa gani?"

 Nilimla yule samaki mpaka akaisha, kwa adabu, machozi yakichuruzika, naye akafurahi kwamba pilipili yake imekolea.

Rwamgasa

Niliingia Rwamgasa juu ya gari dogo lililobeba maji ya kunywa. Dunia ya pale yote imechimbuliwa na kugeuzwa, na watu wamepakwa udongo hadi kope. Nilipoweka sanduku chini likazungukwa mara moja.

"Mama, hicho kinaona dhahabu? Kielekeze hapa!"

"Kielekeze mfukoni mwa mwenye duara, tajiri wa hili shimo, ndiko iliko yote!"

Walicheka, nami nikawatazama usoni mmoja mmoja. Wote walikuwa na macho mekundu. Vumbi la mawe, moshi wa kuchoma zebaki, kukosa usingizi. Mekundu kama ya Mama Masanja, mengine kuzidi. Hakuna aliyewahi kuwaza lolote juu ya macho yale, kwa kuwa yalikuwa ya vijana wanaume.

Masanja alitoka shimoni akipanda kwa kamba. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Aliponisalimu, "Shikamoo mama," niliitikia, nikamwambia natoka kwao, kwamba mama yake ni mzima lakini yuko hatarini, na kwamba nimekuja kumchukua. Hakuuliza hatari gani. Alikaa juu ya mfuko wa mawe.

"Ni nyinyi wenye mashine?"

"Ndiyo sisi."

"Ilisema nini?"

"Ilisema jikoni kwake kuna moshi mwingi."

"Na macho?"

"Macho ni mekundu kwa sababu ya huo moshi."

Akaokota jiwe, akalitupa shimoni. "Mwaka jana nilikwenda kwa mfumu kuuliza kwa nini sipati. Akaniambia bahati yangu imekaliwa na mama mzee, macho mekundu, mlango machweo. Nikasema moyoni, wapo wengi wa hivyo. Nikakataa kumtia jina. Mwaka mzima nimekataa. Sasa nyinyi wasomi mnakuja na maneno yale yale."

 Hata mwanawe, nilijiambia. Hata huyu. Nikafungua sanduku. Karibu nasi palikuwa na jiko la mamalishe, majani mabichi yanafuka. Nikawasha taa, nikamwambia aangalie mshale. Nikalisogeza sanduku kwenye moshi, mshale ukashuka. Nikalitoa, ukapanda. Nikampa alishike mwenyewe. Alilisogeza, akalitoa, akalisogeza tena. Akalielekeza usoni kwa mwenzake mwenye macho mekundu kuliko wote. Mshale haukutikisika. Akajielekezea mwenyewe.

"Halioni mtu?"

"Halijawahi kumwona mtu tangu litengenezwe."

"Linapima moshi tu?"

"Moshi tu."

Alilirudisha taratibu. Akasimama akaenda kwa mwenye duara, na nilisikia yule akimfokea kwamba akiondoka kabla ya mgawo asirudi tena kudai jasho lake. Masanja alirudi amevaa shati. "Twende," alisema.

Kurudi

Njiani alibadilika akawa msemaji. Aliniuliza Mhando amehesabu miti ya aina gani, na mninga mmoja uliokuwa karibu na kichuguu kama bado upo. Nilimwambia upo. Tulipokwama tena, safari hii kwa tairi, alishuka akasaidia kufungua nati, akarudi na kuniambia jambo alilokuwa ameliwaza kwa muda.

"Nikifika nitakata mti mmoja. Si wa kujengea. Nitampasulia kuni, apikie kama watu wengine. Atanifokea, lakini nitakata."

Ndiyo mara pekee katika safari nzima nilipoona nuru kidogo, na nikalala usingizi juu ya mabegi.

Tinde tulimkuta Mhando amesimama kando ya barabara. Hakutupungia. Masanja aliruka chini kabla lori halijatulia. Mhando aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, kaka."

 Masanja alichuchumaa pale pale kwenye vumbi, akashika kichwa.

Mhando alinieleza baadaye. Daktari hakuondoka kwa mama usiku wala mchana, hadi jioni moja alipokuja mtu kumwita, mtoto ana homa kali nyumba ya mbali. Mama Masanja ndiye aliyemhimiza: "Nenda, mtoto hasubiri." Daktari alikwenda, na alikuta kweli mtoto ana homa. Hakuna anayejua kama waliomwita walijua jambo au hawakujua. Aliporudi mlango ulikuwa wazi na kila kitu kimekwisha kutendeka. Askari walikuja wengi safari hii. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia.

Walikuwa wamengoja mwana ndipo wazike. Kijiji kizima kilikuja, hilo ndilo lililonishangaza. Wanaume walichimba kaburi, pembeni mwa ngitili. Masanja alilia kwa sauti, na vijana wenzake walimshika mabega. Lakini upande wa wanawake kulikuwa kimya. Nyinyi mnajua misiba yetu, kilio kinasikika kabla hujaiona nyumba. Pale wanawake wazee walikaa kwenye mikeka wameuma khanga zao, nyuso zimeinuliwa juu, macho yote makavu. Hakuna hata mmoja aliyetoa chozi.

Hasira ilinipanda. Mama Lugembe alikuwa mbele kabisa, ametazama kaburi bila kupepesa. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye.

"Mama, miaka yote ile mmegawana moto. Hata chozi moja?"

Hakunigeukia. 

"Nikilia macho yatakuwa mekundu," alisema. "Na nyinyi bado mpo."

Nilirudi nikawaambia wenzangu. Daktari aliinuka, akaenda kukunja kitanda chake. Tulipakia vitu vyetu vyote, na sanduku, katikati ya mazishi, jambo ambalo kwa desturi ni aibu kubwa, na hakuna aliyetuzuia wala kutuaga. Tulikuwa tumeshavuka mashamba ya pamba tulipokisikia kilio cha wanawake kikianza nyuma yetu.